Mtu akifunguliwa gerezani, matibabu yake ya akili na ya ulevi yanabaki mikononi mwa nani?

#1 Mwana wa Katuba
Jambo kwenu nyote. Mtoto wa mama yangu mdogo alizuiliwa katika gereza moja la nchi yetu ya Kongo, ambalo sitalitaja, na humo ndimo alimoanza kutibiwa akili kwa mara ya kwanza maishani mwake. Muuguzi alikuwa akimpa haloperidoli kila jioni, akatulia, akaanza tena kumwita mama yake kwa jina. Kisha amri ya kumwachilia ikafika bila mtu yeyote kuitarajia, akatolewa jioni akiwa na karatasi ya kufunguliwa na shati lake, bila kidonge hata kimoja na bila barua ya kupeleka hospitali. Mwezi haukwisha kabla hajarudia lutuku, pombe kali ya kienyeji, na kuanza kuzunguka usiku akigombana na watu ambao sisi hatukuwaona.

Nasema hivi, na anayepinga anipinge: serikali inajua kumpokea mtu gerezani kwa rejista, kwa muhuri na kwa saini tatu, lakini siku ya kumtoa haimkabidhi kwa yeyote. Je, kuna mahali ambapo mambo haya yamepangwa kwa namna nyingine?

#2 Mzee wa Ruashi
Kijana, swali lako ni zuri lakini umelielekeza kwenye mlango usio wake. Mgonjwa ni wa ukoo wake. Zamani, hapa Lubumbashi, mtu akitoka kifungoni wajomba zake walikuwa wakimsubiri nje, wanamwogesha, wanamlisha, wanamweka chini ya macho ya mtu mzima mmoja. Siku hizi ukoo unasubiri shirika lije na gari. Isitoshe, sheria inamruhusu mfungwa kutoka kwa masharti akimaliza nusu ya adhabu, kwa hiyo familia ina muda wa kutosha wa kujiandaa. Mlijiandaa?

#3 Muuguzi_Kenya
Nawasalimu. Mzee wangu, kwa heshima zote, mjomba hawezi kuziba nafasi ya haloperidoli. Ninafanya kazi katika kituo cha afya, na wagonjwa wa aina hiyo ninawapokea wakiwa wameshaharibika, kwa hiyo nieleze kidogo kinachotokea mwilini.

Dawa za saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kusikia au kuona yasiyokuwapo, zikikatwa ghafla, mtu anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa, na hicho ndicho kinachoidanganya familia: wanadhani amepona, kumbe dawa iliyobaki mwilini ndiyo inayomshikilia. Mwenye kifafa anayetumia fenobarbitali yuko katika hatari ya haraka zaidi, kwa sababu kuikata kwa siku chache tu kunaweza kumletea degedege mfululizo. Na ulevi una hatari mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Mlevi wa miaka mingi akifungiwa ghafla bila pombe, kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kutetemeka, kuona wadudu ukutani, kupata degedege na hata kufa, ilhali diazepamu na vitamini B1 vingemwokoa. Wenzake wa selo husema amerogwa. Akitoka baada ya mwaka, mwili umeshapoteza mazoea, naye anakunywa kiasi kile kile alichokizoea, tena siku hiyo hiyo, tena kwa kununuliwa na marafiki wanaomshangilia.

Kitu kimoja kinachowezekana hata kwetu ni sindano ya flufenazini ya muda mrefu. Ikichomwa siku ya kutoka, humlinda mgonjwa kwa wiki mbili hadi nne au zaidi, na katika muda huo familia inaweza kutafuta hospitali. Lakini ili uichome siku ya kutoka, lazima uijue siku hiyo.

#4 Mtoto wa Dodoma
Asante sana kwa maelezo, ndugu yetu wa Nairobi. Je, huko Kenya utaratibu huo wa sindano umeshaanza magerezani?

#5 Muuguzi_Kenya
Ndugu wa Dodoma, karibu Lubumbashi. Kenya ninayoiandika ni tarafa ya mji huu, jirani na Kamalondo na Katuba. Nairobi sijawahi kufika, labda wewe unialike.

#6 Avoka wa Kamalondo
Nianze kwa kumsahihisha Mzee wa Ruashi. Kanuni ya adhabu ya Kongo haisemi nusu. Mfungwa anaweza kuachiliwa kwa masharti akiwa ametumikia robo ya adhabu yake, mradi muda aliokaa ndani umezidi miezi mitatu, na ruhusa hiyo hutolewa na Waziri wa Sheria. Hilo lingekuwa jambo jema kwa mada yetu, maana masharti yangeweza kutaja matibabu. Tatizo ni kwamba haliwagusi wengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya watu walio katika magereza yetu hawajahukumiwa. Ni mahabusu. Mahabusu hana tarehe ya kutoka: leo faili lake limelala, kesho hakimu anampa uhuru wa muda, keshokutwa msamaha wa Rais unatangazwa redioni na watu wanatolewa kwa makundi. Muuguzi amesema sindano inahitaji siku inayojulikana. Hapo ndipo mfupa ulipo.

Kwa upande wa haki, hatukukosa maandishi. Ibara ya 18 ya Katiba ya 2006 inasema kila aliyezuiliwa lazima atendewe kwa namna inayohifadhi uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, pamoja na heshima yake. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinakwenda mbali zaidi. Kanuni ya 24 inataka matibabu ya gerezani yaungane na yale ya nje ili yasikatike, na inautaja uraibu waziwazi. Ile ya 110 inasema ni vema mipango ifanywe ili matibabu ya akili yaendelee baada ya mtu kufunguliwa. Basi, mwenye kuuliza kama jambo hili limewahi kufikiriwa, jibu ni ndiyo, na tena vizuri sana.

#7 Fundi wa Kampemba
Limefikiriwa vizuri sana, likaandikwa vizuri sana, likawekwa kabatini vizuri sana.

#8 Kijana wa Birere
Ninyi wa Lubumbashi mnajadili tarehe ya kutoka. Sisi Goma tulishuhudia kutoka kusiko na tarehe wala karatasi. Mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipokuwa unaingia mikononi mwa waasi wa M23, gereza la Munzenze lilitoboka na maelfu ya watu wakatawanyika mitaani katikati ya risasi, na wanawake wengi waliokuwa humo waliteketea kwa moto. Mwezi uliofuata, gereza kuu la Bukavu nalo likabaki tupu. Miongoni mwa waliokimbia walikuwapo wagonjwa wa kifua kikuu, wenye kifafa, na watu waliokuwa wakipewa dawa za akili. Mtu wa namna hiyo hawezi kwenda hospitali kuomba dawa yake, kwa sababu akieleza alikokuwa akiipata amejitaja kuwa mtoro. Jirani yetu mmoja alikaa ndani ya nyumba ya shangazi yake hivyo hivyo, wakimfungia chumbani akianza kupiga kelele, mpaka mhudumu wa afya wa mtaa alipokubali kuja mwenyewe bila kuuliza maswali ya mahakama.

Kwa hiyo ningeongeza sababu ambayo hamjaitaja: hofu. Hata aliyefunguliwa kwa haki huogopa kituo chochote chenye daftari.

#9 Mwanafunzi wa Kasapa
Jambo wakubwa. Nimesoma kidogo kuhusu mada hii, hivyo naleta mifano ya mbali. Marekani, katika jimbo la Washington, watafiti waliwafuatilia watu 30,237 waliofunguliwa kati ya 1999 na 2003. Matokeo yalichapishwa 2007: katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi ya dawa za kulevya ilikuwa mara 129. Sababu ni ile aliyoieleza mkubwa wetu Muuguzi, kwamba mwili umepoteza mazoea.

Rhode Island, jimbo dogo la huko huko, lilianza 2016 kuwapa wafungwa wote wenye uraibu wa heroini na jamii yake dawa tatu za kuchagua, yaani methadoni, buprenofini au naltreksoni, na kuwaunganisha na kliniki za nje kabla ya kutoka. Sehemu ya waliotoka gerezani karibuni katika vifo vyote vya kuzidisha dozi vya jimbo ilipungua kwa asilimia 61 katika mwaka mmoja. California nayo ilipata kibali Januari 2023 cha kutumia bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini kuanza kumhudumia mfungwa hadi siku 90 kabla hajatoka, kupanga safari yake ya matibabu na kumpa dawa mkononi anapovuka lango. Kabla ya hapo, tangu bima hiyo ianzishwe 1965, mtu akiingia gerezani ilikuwa haimlipii matibabu ya humo, hata kama alikuwa na haki nayo nje.

#10 Mzee wa Ruashi
Mwanafunzi wa Kasapa, tuambie kwanza wewe ni wa Kasapa ipi, ile yenye vitabu, yaani chuo kikuu, au ile yenye ukuta, yaani gereza? Barabara ni moja, tusije tukachanganya ushahidi.

#11 Mwanafunzi wa Kasapa
Yenye vitabu, Mzee wangu, ingawa chakula cha huku nacho kina mashaka.

#12 Avoka wa Kamalondo
Ile asilimia 61 ya Rhode Island isomwe kwa uangalifu. Walilinganisha miezi sita ya mwanzo ya 2016 na miezi kama hiyo ya 2017, na vifo vya waliotoka gerezani karibuni vilishuka kutoka 26 hadi 9. Ni maisha ya watu, sibezi, lakini ni idadi ndogo katika jimbo ambalo wafungwa wake wote wako chini ya mamlaka moja. Huwezi kuichukua ukaibandika Kasapa au Makala, gereza la Kinshasa lililojengwa kwa ajili ya watu 1500 likaja kubeba zaidi ya 10,000.

#13 Fundi wa Kampemba
Hata bila hesabu hiyo, mifano hiyo ni ya heroini. Kwetu adui ni lutuku, bangi na vidonge vya maumivu vya tramadoli vinavyouzwa kama peremende. Ugonjwa wenyewe unaitwa kukosa kazi. Mimi ninafundisha vijana kuunganisha vyuma, na nimewahi kuwapokea watatu waliotoka kifungoni. Wawili waliacha kunywa bila daktari wala sindano, kwa sababu kila asubuhi walikuwa na mahali pa kuwa na jioni walikuwa wamechoka. Yule wa tatu alipewa dawa, zilikuwa nzuri, lakini zilimlaza. Akalala karakana, akafukuzwa na mteja, akaziacha. Nauliza wataalamu: dawa inayomnyima mtu mshahara atainywa mpaka lini?

#14 Muuguzi_Kenya
Swali la Fundi ni la haki, na dozi inaweza kupunguzwa au kuhamishiwa usiku kama kuna mtu wa kumfuatilia. Ila wale wawili waliopona kwa kazi walikuwa walevi. Wa tatu huenda alikuwa na saikosisi, na hapo karakana peke yake haitoshi. Tunawaweka wote katika gunia moja la "waliotoka jela".

#15 Mama wa Kwaya
Bwana asifiwe. Mnazungumza kana kwamba hakuna mahali watu hawa wanapokelewa leo. Wanapokelewa, tena usiku na mchana, katika vyumba vya maombi. Wanalala humo, wanakula tunachokula, na hakuna anayewaomba kadi wala faranga. Nimeona waliofika wakiwa wamefungwa kamba wakaondoka wakiimba sauti ya kwanza.

#16 Dada wa Ibanda
Mama, hapo kwenye kamba ndipo tunaposhtuka. Sipingi maombi, na huku Bukavu najua wachungaji wanaomwombea mgonjwa asubuhi na kumsindikiza SOSAME mchana, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Upendo. Lakini najua pia wanaomfungisha kula mtu aliyekwisha kudhoofika kwa njaa ya gerezani, na wanaomwambia kwamba kumeza kidonge ni kukosa imani.

Mseme pia ukweli kuhusu gharama. Katika nchi yetu mgonjwa hulipa, tena hulipa zaidi ya dawa. Akilazwa anahitaji mlinzi wa mgonjwa, yaani ndugu atakayekaa naye, kumpikia na kumfulia. Ndugu huyo anaacha biashara yake ya sokoni. Familia iliyokwisha kuuza bati za nyumba kwa ajili ya wakili na kupeleka chakula gerezani kila wiki haina tena cha kuuza. Mzee wa Ruashi anaiita familia hiyo mvivu. Mimi naona imekamuliwa.

#17 Mzee wa Ruashi
Sikusema mvivu, binti yangu. Nilisema inasubiri gari.

#18 Mama wa Kwaya
Kamba zilifungwa na familia, dada. Sisi tulizifungua. Kuhusu vidonge sitabishana, kila chumba kina mchungaji wake.

#19 Mtoto wa Dodoma
Baada ya kuondolewa Nairobi naomba kuchangia kama Mtanzania. Kwetu kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, na anayeitumia hufika kila siku kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Hapa Dodoma pia tuna Isanga, sehemu ya hospitali ya akili ya Mirembe inayowatunza watu wenye ugonjwa wa akili walioingia katika kesi za jinai, na Zanzibar kuna nyumba za kuishi bila ulevi zinazoendeshwa kwa sehemu kubwa na watu ambao wenyewe waliacha heroini. Tatizo letu ni la umbali: mtu anayetoka gereza la mkoani atafikaje kila siku kliniki iliyo mji mwingine?

#20 Avoka wa Kamalondo
Ndugu wa Dodoma amegusa nyaya za serikali bila kukusudia. Nani mwenye mgonjwa? Kwetu gereza liko chini ya Wizara ya Sheria, na kituo cha afya kiko chini ya Wizara ya Afya kupitia zoni yake ya afya, yaani eneo lake la huduma. Rejista ya mgonjwa haivuki kutoka wizara moja kwenda nyingine. Norway walilimaliza jambo hilo mwaka 1988 kwa kuwapa wahudumu wa afya wa manispaa jukumu la kutibu ndani ya gereza, hivyo muuguzi anayemtibu mfungwa haajiriwi na mkuu wa gereza. Uingereza nayo ilikamilisha kuhamishia afya ya magereza katika huduma ya taifa ya afya mwaka 2006. Hilo halihitaji mafuta ya Norway, Mzee, kabla hujaniambia. Linahitaji saini mbili.

#21 Mzee wa Ruashi
Nilikuwa tayari nimeandika neno mafuta, nimelifuta. Lakini saini mbili za Kinshasa ni ghali kuliko pipa.

#22 Nilipita Humo
Nimewasoma wote kwa utulivu. Mimi nilikaa ndani, sitasema wapi wala kwa nini, na nilitoka nikiwa mlevi kuliko nilivyoingia. Mnajadili wizara, dawa na ukoo. Mimi nitawaeleza lango lilivyo. Siku unayotoka, kitu cha kwanza unachokitaka ni kutoonekana. Mtu akikupa barua iliyoandikwa jina la hospitali ya akili, unaichana kabla hujafika barabarani, kwa sababu tayari una jina la mfungwa na hutaki kuongezewa la kichaa. Ningepewa sindano ya Muuguzi ningeikubali kwa kuogopa kurudishwa ndani, kisha nisingerudi kwa ya pili.

Kilichonisaidia ni mtu aliyekuwa ametoka kabla yangu. Alinikuta kwenye kibanda cha lutuku, hakunihubiria, akanilipia chai mahali pengine. Baadaye ndiye aliyenipeleka kwa daktari na kukaa nami kwenye benchi. Angekuwa mhudumu mwenye koti jeupe nisingemfuata.

#23 Mwanafunzi wa Kasapa
Mkubwa, ulichokieleza kina mfano San Francisco. Tangu 2006 kuna kliniki huko ambazo mhudumu anayempokea aliyefunguliwa ni mtu aliyewahi kufungwa mwenyewe, analipwa mshahara kwa kazi hiyo, na mtindo huo umesambaa katika miji mingine. Na Harare, tangu 2006 pia, daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuketi na watu wenye huzuni kubwa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya. Haukuwa mpango wa wafungwa, lakini unaonyesha kwamba anayesikiliza si lazima awe na shahada.

#24 Muuguzi_Kenya
Akina bibi wa Harare wanasaidia mfadhaiko na huzuni, na jaribio lao la 2016 lilipimwa vizuri. Anayesikia sauti bado anahitaji dawa. Ila benchi analolitaja ndugu Nilipita Humo ni jambo ambalo sisi wauguzi tunalikosa: tunamwandikia mgonjwa tarehe, hatumpi mtu wa kumfikisha.

#25 Fundi wa Kampemba
Na huyo wa kumfikisha atalipwa na nani? San Francisco analipwa. Hapa tutamwita "wa kujitolea" mpaka naye arudie chupa.

#26 Dada wa Ibanda
Natoka kidogo nje ya njia: hapo Lubumbashi kituo chenu cha akili kinaitwa Joseph Guislain. Ni nani huyo? Mtoto wangu ameniuliza.

#27 Mwanafunzi wa Kasapa
Ni daktari wa Ubelgiji, 1797 hadi 1860, wa mji wa Gent. Alifanya kazi pamoja na hao hao Mabruda wa Upendo, walioanzishwa na padri Triest mwaka 1807, na anakumbukwa kwa kutetea wagonjwa wa akili watibiwe badala ya kufungwa minyororo. Kwa hiyo Bukavu na Lubumbashi mnatibiwa na ukoo mmoja.

#28 Mwana wa Katuba
Nawashukuru. Turudi kwa mtoto wa mama mdogo, kwa sababu ndiye aliyeniandikisha uzi huu. Kwa sasa amekubali kupelekwa kwa daktari, lakini daktari anauliza alikuwa akipewa dawa gani na kwa kipimo gani, nasi tunajua jina la haloperidoli tu. Je, familia inaweza kuliomba gereza rekodi zake?

#29 Avoka wa Kamalondo
Mgonjwa mwenyewe aandike barua na kuisaini, amwelekeze mkuu wa gereza na muuguzi wake, na nakala ipelekwe kwa daktari mkuu wa zoni ya afya. Ambatisha nakala ya karatasi ya kufunguliwa. Usiende mikono mitupu bila barua, wala usilipe "gharama za kutafuta faili".

#30 Muuguzi_Kenya
Msisubiri jibu la barua ndipo aanze kutibiwa. Daktari anaweza kuanza na kipimo kidogo na kukipandisha. Mweleze kama alikuwa akikakamaa shingo au kutetemeka mikono alipokuwa akinywa dawa ile, na mweleze kuhusu lutuku bila kuficha, maana pombe na vidonge vya usingizi vikikutana vinaweza kuzuia pumzi.

#31 Mzee wa Ruashi
Na wajomba wake wako wapi?

#32 Mwana wa Katuba
Mmoja yuko Kolwezi migodini, wa pili hataki kumwona. Kwa hiyo Jumatatu nitakwenda naye mimi. Ndugu Nilipita Humo, kama uko hapa mjini, naomba unitumie ujumbe wa faragha.

#33 Fundi wa Kampemba
Akishapata kipimo kisichomlaza, mlete karakana. Lakini asubuhi, si saa nne.